Askari wa Keya na Nyumba Walizozirudia, 1945–1952

Historia ya jeshi ambalo wenyeji wa Afrika Mashariki waliliita Keya, yaani King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyowatumikia Waingereza katika Nyasaland, Uganda na Kenya ya leo, imeandikwa kwa wingi kama historia ya mapigano, na pale inapogusa maisha ya askari baada ya vita huandikwa kama historia ya siasa. Kwa miongo mingi wanahistoria wamejadili iwapo askari waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 na 1946 ndio waliotangulia kudai uhuru. Mjadala huo ni halali, lakini umelifunika swali jingine ambalo kwa askari wengi lilikuwa karibu zaidi: namna mtu aliyekuwa mbali kwa miaka mitatu au minne alivyorudi kuwa mume, baba, mwana na ndugu katika nyumba iliyokuwa imekwisha kuzoea kuishi bila yeye, ingawa haikuwa imezoea kuishi bila mshahara wake.

Idadi ya waliohusika haikuwa ndogo. Katika Vita vya Pili vya Dunia watu zaidi ya 300,000 walitumikia vikosi vya Afrika Mashariki, wakiwamo karibu 98,000 kutoka Kenya na karibu 87,000 kutoka Tanganyika, wengine wakiwa wapiganaji na wengine wakiwa katika vikosi vya kazi vilivyochimba mitaro, kujenga barabara na kupakua meli. Walipigana na Waitalia Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na kuanzia mwaka 1943 wengi wakasafirishwa hadi Ceylon na India ili kujiandaa kwa vita dhidi ya Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, katika matope na malaria, na kufika mto Chindwin karibu na Kalewa mwezi Desemba mwaka huo. Vita vilipokwisha Agosti 1945 askari hao hawakurudi mara moja, kwa kuwa meli zilikuwa chache na kila dola ilizihitaji kwa watu wake, hivyo maelfu walibaki kambini miezi mingi wakifanya gwaride lisilo na adui na kusubiri zamu.

Ili kuelewa ugumu wa marejeo hayo ni lazima kwanza kutazama namna jamii zao zilivyokuwa zikiwapokea watu waliotoka vitani kabla ya kuja kwa ukoloni. Karibu katika kila jamii ya bara aliyeua hakuruhusiwa kuingia nyumbani kama mtu aliyetoka sokoni, bali alihesabiwa kuwa amebeba unajisi unaoweza kuwadhuru mkewe, watoto wake na mifugo yake. Miongoni mwa Wanandi, kama ilivyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, aliyemuua mtu wa kabila jingine alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili, akajenga kibanda kando ya mto na kukaa humo siku nne bila kumkaribia mkewe wala mchumba wake, akila vyakula vichache vilivyoruhusiwa, na mwishoni akanywa dawa ya kuharisha iliyotokana na gome la mti, kisha maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe. Wakikuyu nao walikuwa na dhana ya thahu, yaani unajisi unaompata mtu kwa kugusa maiti, kumwaga damu au kuvunja mwiko, ambao uliondolewa na mganga aitwaye mundu mugo kwa kafara ya mbuzi na kwa tendo la kumfanya mwenye unajisi autapike, ingawa kutapika huko kulikuwa kwa ishara tu.

Ni rahisi kuzitazama desturi hizi kama imani za kale na kuzipita, lakini kwa mwanahistoria zina maana ya utaratibu. Ziliweka kati ya vita na nyumba muda maalumu, mahali maalumu na mtu maalumu mwenye wajibu wa kumpokea mpiganaji, na zaidi ya hayo zilitamka hadharani kwamba kuua ni jambo zito ambalo jamii nzima hulibeba pamoja na aliyelitenda. Jeshi la kikoloni halikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Askari aliyeshuka melini Mombasa alipelekwa katika kituo cha kuachishwa jeshi, akapimwa na daktari, akarudisha bunduki na sare, akapewa cheti kilichoeleza muda wa utumishi na tabia yake, akalipwa alichostahili na kupandishwa garimoshi au lori kuelekea wilayani kwao. Kwa askari Mkristo hali ilitatanisha zaidi, kwa sababu kanisa lilikuwa limekataza kafara na kuziita za kipagani, ilhali mama yake au baba yake mkubwa angeweza kuamini kabisa kwamba kijana huyo, aliyelala siku nyingi karibu na maiti zisizozikwa, hapaswi kukanyaga kizingiti kabla ya kutakaswa. Wako waliotakaswa kwa siri na wako waliokataa, na katika nyumba ambamo alikataliwa mganga, kila ugonjwa wa mtoto na kila mimba iliyoharibika baada ya hapo ilikuwa na maelezo tayari.

Pamoja na hayo, chanzo kikubwa cha mtafaruku hakikuwa damu bali fedha. Serikali ilikuwa imeweka mpango ambao kwa huo askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa mtu wa nyumbani kila mwezi kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, na sehemu nyingine aliweza kuiweka akiba hadi atakapoachishwa. Katika wilaya zilizotoa askari wengi, Machakos ikiwa mfano unaojulikana zaidi kwa sababu Waingereza waliwahesabu Wakamba kuwa kabila la kijeshi na kuwaandikisha kwa wingi, fedha hizo zilikuwa moja ya njia kuu ambazo kwazo sarafu iliingia vijijini. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa maana mpango ulihitaji jina moja la mpokeaji, na jina hilo lilikuwa uamuzi ambao mila haikuwahi kumlazimisha kijana kuufanya. Kwa desturi ya jamii nyingi mapato ya kijana asiyekuwa na boma lake yalikuwa chini ya mamlaka ya baba yake, naye baba ndiye aliyeyageuza kuwa mifugo na mifugo kuwa mahari. Askari aliyemwandikisha baba yake alimwacha mkewe akiomba chumvi na kitambaa kwa mkwe, na aliyemwandikisha mkewe alimfanya mwanamke kijana kuwa mwenye fedha taslimu kuliko mzee wa boma, jambo ambalo wazee walilisoma kuwa dharau hata kama halikukusudiwa hivyo.

Kwa njia hiyo mshahara ulitangulia kufika nyumbani kabla ya mwenyewe, na ukapanga upya uhusiano wa watu bila yeye kuwapo kuona. Ndugu aliyekabidhiwa fedha za kununua ng'ombe alinunua kweli, lakini ng'ombe hao waliingia katika zizi la pamoja na baadhi yao wakatolewa mahari ya ndugu huyo huyo, na kwa hesabu za ukoo hakuwa ameiba kitu, kwa kuwa kaka anayemwoza mdogo wake hutimiza wajibu. Askari aliyerudi alikuwa amejifunza hesabu za namna nyingine. Kwa miaka kadhaa aliishi katika taasisi ambamo kila shilingi, kila blanketi na kila pakiti ya sigara iliandikwa kwa jina la mtu mmoja, na wengi walikuwa wamefundishwa kusoma na kuandika Kiswahili na kikosi cha elimu cha jeshi, hivyo waliweka kumbukumbu za walichotuma. Mgongano wa aina hizo mbili za hesabu, ya ukoo na ya daftari, ulizijaza mahakama za wenyeji kesi ambazo wazee waliziona kuwa aibu, za mwana kumshtaki baba yake.

Aidha, thamani ya fedha ilikuwa imeporomoka. Ukame na upungufu wa chakula wa mwaka 1943 na 1944 uliikumba Kenya na sehemu za kati za Tanganyika wakati ambapo jeshi lenyewe lilikuwa likinunua nafaka na ng'ombe kwa wingi, na nguo, hasa amerikani na kanga, ziliadimika na kupanda bei kwa sababu biashara ya baharini ilikuwa imebanwa na vita. Mke aliyelaumiwa kwa kutobakiza akiba alikuwa mara nyingi amewalisha watu kumi kwa fedha zilizokusudiwa watatu. Mahari nayo ilipanda, maana vijana wengi wenye fedha walitafuta wake kwa wakati mmoja, na askari aliyekuwa amehesabu akiwa Ceylon kwamba akiba yake ingemwezesha kuoa na kubakiwa na mtaji aligundua kwamba ingefanya jambo moja tu kati ya hayo mawili.

Suala la uaminifu wa wake ndilo lililoandikwa kuliko yote katika barua za askari, ambazo zilipita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi na ambazo wanahistoria wa baadaye, kama vile Timothy Parsons katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu askari wa kawaida wa Keya, walizitumia kama ushahidi wa fikra zao. Askari waliwaandikia wakuu wa wilaya wakiwataka wachunguze kama wake zao bado wako bomani, wakalalamikia wanaume waliobaki nyumbani, machifu wakiwamo, na wakadai serikali iliyowachukua iwalindie ndoa. Maofisa wa jeshi walilichukua jambo hilo kwa uzito, si kwa huruma tu, bali kwa kuwa askari mwenye wasiwasi wa nyumbani hakuwa askari mzuri. Sauti ya wanawake haimo katika barua hizo, na ni kosa kulisoma jalada la upande mmoja kana kwamba ni hukumu. Mwanamke aliyeachwa na ujauzito mwaka 1942, asiyejua kusoma, aliyepokea habari za mumewe kwa kinywa cha karani mara mbili kwa mwaka, alikuwa pia mkulima pekee wa shamba lake katika miaka ambayo serikali ilidai mazao zaidi, na ikiwa alihamia kwa wazazi wake au akamkubali mwanamume mwingine, mara nyingi alifanya hivyo baada ya fedha kukatika au baada ya uvumi wa kifo. Mila ilikuwa na njia za kumlea mtoto aliyezaliwa mume akiwa safarini, kwa kuwa katika jamii nyingi mtoto ni wa aliyetoa mahari, lakini askari aliyekuwa ameishi katika kambi zenye mahubiri, magazeti na picha za sinema alikuwa ameanza kuitazama ndoa kwa namna ambayo njia hizo hazikumridhisha tena.

Wanaume wenyewe hawakurudi walivyoondoka. Walikuwa wamezoea nyama kila siku, viatu, sigara, saa ya mkono na matibabu ya bure, na walikuwa wamezoea pia lugha ya amri, ile iliyoitwa Kikeya, Kiswahili cha kambini chenye sarufi fupi na sauti ya juu, ambacho walikitumia kwa wake na watoto kama walivyokitumia kwa kuruta. Ndani ya nyumba jambo hilo halikuwa dogo. Mtoto wa miaka minne alimwona mgeni mwenye koti la jeshi akitoa amri katika kitanda cha mama yake, naye mgeni huyo alimwona mtoto asiyemheshimu baba. Ulevi uliongezeka miongoni mwa baadhi yao. Wapo waliopiga kelele usingizini na wasiostahimili mlio wa ngurumo, na dalili hizo, ambazo katika hospitali za Ulaya zilikuwa zimekwisha kupewa majina tangu Vita vya Kwanza, vijijini zilipelekwa kwa mganga na kuelezwa kuwa kazi ya roho za waliouawa. Maelezo hayo hayakuwa mabaya kuliko yale ya kitaalamu yaliyopatikana Kenya wakati huo. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi iliongozwa hadi mwaka 1950 na J. C. Carothers, daktari aliyeamini kwamba akili ya Mwafrika huvurugika anapoachana na mazingira ya kikabila, nadharia ambayo ingemfanya askari aliyerudi akiwa mgonjwa aonekane kuwa mgonjwa wa ustaarabu badala ya mgonjwa wa vita.

Serikali zilikuwa zimejiandaa kwa marejeo, ila zilijiandaa kwa ajili ya mtu mwingine. Kuanzia mwaka 1943 zilijadili namna ya kuwarudisha askari katika maisha ya kiraia bila fujo, na hofu yao kuu ilikuwa kwamba vijana wenye ujuzi wa silaha wangekataa mishahara ya mashambani na mamlaka ya machifu. Mafundi walipewa nafasi katika chuo cha ufundi cha Kabete, na shule ya Jeanes, iliyokuwa hapo hapo Kabete, ilitoa kozi kwa waliotoka jeshini pamoja na wake zao, wanaume wakifundishwa uraia na biashara, wanawake wakifundishwa mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba. Mpango huo wa pili unastahili kutajwa kwa heshima kidogo, kwa sababu angalau ulitambua kwamba askari alikuwa na mke, na kutokana na mafunzo ya wanawake katika shule hiyo kulikuja kuzaliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama cha Maendeleo ya Wanawake. Lakini ulimfundisha mke namna ya kumpokea mume bila kumuuliza aliishije kabla mume hajarudi.

Kuhusu ardhi na fedha za kiinua mgongo hapakuwa na mengi ya kujadili. Baada ya Vita vya Kwanza serikali ya Kenya iliwagawia mashamba Wazungu waliopigana, kwa mpango wa mwaka 1919 uliochukua pia sehemu ya nchi ya Wanandi, na ujira wa maelfu ya wapagazi Waafrika waliokufa bila warithi wao kufikiwa ulibaki mikononi mwa serikali. Baada ya Vita vya Pili mpango mpya ulianzishwa wa kuwaleta Waingereza waliotoka jeshini kulima nyanda za juu, ilhali askari wa Kiafrika alirudi katika eneo lililotengewa kabila lake, ambako shamba lake huenda lilikuwa limelimwa na binamu kwa miaka minne. Nyaraka zilizotangazwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo ya kuachishwa jeshi yalikadiriwa kwa rangi, Mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Hadi mwaka 1947 askari huyo alilazimika pia kubeba kipande, cheti cha uandikishaji na kazi ambacho kila mwanamume Mwafrika wa Kenya alitakiwa kuwa nacho, kikiwa aghalabu kimefungwa shingoni ndani ya kasha la bati, pahali ambapo wengine wangevaa medali ya Burma.

Waliokuwa na akiba waliiingiza katika biashara. Maduka, mikahawa ya chai, vinu vya kusagia unga na malori makuukuu viliongezeka ghafla katika masoko ya vijijini, mara nyingi kwa ushirika wa watu watano au kumi waliotumikia kikosi kimoja, na vingi vikafa ndani ya miaka michache. Sababu zinajulikana: leseni zilibanwa, sheria ya mikopo ilimfanya mfanyabiashara wa jumla aogope kumkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, na soko lilikuwa dogo kwa wauzaji wote hao. Iko sababu nyingine ambayo ripoti za serikali ziliiita uzembe. Mwenye duka kijijini hawezi kumnyima ndugu sukari, na askari aliyekuwa amegombana na ukoo juu ya fedha alizotuma alijikuta akitumia sukari na chumvi kununua tena amani nyumbani. Madereva ndio waliofanikiwa zaidi, kwani ujuzi wao ulihitajika kila mahali, pamoja na katika mpango wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947, lakini kwa kukubali kazi hizo waliondoka tena.

Ndiyo maana kuondoka tena kunapaswa kuhesabiwa kama sehemu ya historia ya marejeo. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na baadaye kujulikana kama Jenerali China, alifanya kazi ya kuchochea moto katika garimoshi za reli kabla ya kuingia katika siasa za siri, akakamatwa mwezi Januari 1954 na kuandika kumbukumbu zake mwaka 1967. Bildad Kaggia, karani wa jeshi aliyetumikia Mashariki ya Kati na kufika Uingereza, alirudi mwaka 1946 akalikataa kwanza kanisa lililomlea, akaanzisha dini yake huko Murang'a, na baadaye tu akawa kiongozi wa wafanyakazi. Kundi la Nairobi lililoitwa Anake a 40, yaani vijana wa rika la 1940, lilikuwa na askari wa zamani wengi ambao hawakuwa wamepata pa kukaa vijijini. Huko Tanganyika, ndugu Abdulwahid na Ally Sykes, waliotumikia Burma, waliingia katika siasa za Dar es Salaam zilizozaa TANU mwaka 1954. Lakini hao walirudi katika nyumba ya baba aliyekuwa mwenyewe askari wa zamani, mwenye mali na chama, na hali yao haiwezi kuchukuliwa kuwa ya kawaida. Wanahistoria waliotilia shaka dhana ya askari kuwa kiini cha harakati za uhuru, David Killingray akiwa mmoja wao, wanasema kwa haki kwamba walio wengi walirudi kulima na kunyamaza. Hata hivyo kunyamaza hadharani si ushahidi wa utulivu bomani, na pengine wengi hawakuwa na nafasi ya kugombana na gavana kwa kuwa walikuwa bado hawajamaliza kugombana na kaka zao.

Ziko pia nyumba ambazo hazikurudiwa na mtu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, na watu karibu 1,300 wakafa, mamia kati yao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya wasio na kaburi yameandikwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, lakini familia zilihitaji zaidi ya jina. Wajaluo, ambao mila yao hairuhusu mtu mzima kupotea bila kuzikwa kwao, walizika tunda la mti wa yago mahali pa mwili na kuendelea na matanga. Wajane walihitaji ushahidi wa ndoa ambayo haikuwa na cheti, na mkuu wa wilaya alimtegemea chifu kusema ni nani mke na ni nani mrithi. Pale ambapo ndugu wa marehemu alikuwa amemrithi mjane kwa desturi, iliibuka hoja kama bado alistahili kulipwa kama mjane, na kama analipwa, fedha hizo ni za nani: zake, za watoto, za mume wa pili, au za mzee ambaye jina lake lilikuwa katika daftari tangu mwaka 1942 na ambaye hakuona sababu ya kuliondoa.